Sherrin KB saizi 5: mpira wa ngozi ukipimwa kwa kazi ya nahodha Joel Selwood

Anayetaka kujua thamani ya mpira wa Sherrin, ule wa ngozi unaochezewa futiboli ya Australia, asianzie kwenye yale mateke ya mita sitini yanayorudiwarudiwa kwenye televisheni. Aanzie chini, kwenye nyasi, pale wachezaji wanne au watano wanapoinama kwa pamoja kuugombea. Hapo ndipo Joel Selwood wa klabu ya Geelong alipofanyia kazi tangu 2007 hadi 2022. Alicheza mechi 355, na 245 kati ya hizo akiwa nahodha, idadi ambayo hakuna nahodha aliyewahi kuifikia kabla yake katika historia ya ligi kuu ya mchezo huo, VFL na baadaye AFL. Rekodi aliyoivunja, mechi 226, ilikuwa ya Stephen Kernahan wa Carlton.

Sifa ya Selwood haikujengwa na mateke ya mbali wala na kuruka juu ya mabega ya watu kudaka. Alikuwa mtu wa mita mbili za kwanza: kuinama, kuokota, kukumbatia, kupiga pasi ya ngumi kabla hajaangushwa, kisha kuinuka na kuufuata tena. Mpira unaoifaa mikono ya mchezaji wa aina hiyo ndio mpira mzuri, na kwa kipimo hicho Sherrin KB wa ngozi, saizi 5, unastahili bei yake, ambayo ni zaidi ya dola 100 za Australia. Lakini una masharti, na wapo wanunuzi wengi wanaouharibu ndani ya wiki chache kwa kutoyajua.

Umbo na mshono

KB ni kifupi cha Kangaroo Brand. Aliyeubuni ni Thomas William Sherrin, fundi wa matandiko ya farasi aliyeanzisha kazi yake mwaka 1879 huko Collingwood, mtaa wa Melbourne. Kabla ya hapo mchezo ulichezwa kwa mipira ya raga na mingineyo. Sherrin alipoletewa mpira wa raga uliopoteza umbo, alitengeneza wenye ncha butu zaidi ili udunde vizuri ardhini. Uamuzi huo mdogo ndio unaoubeba mchezo mzima hadi leo. Futiboli ya Australia inamlazimisha mchezaji anayekimbia na mpira audundishe au auguse ardhini kila baada ya mita 15, na katika enzi yote ya Selwood mwamuzi alianzisha mchezo kwa kuudundisha kwa nguvu katikati ya uwanja. Mpira wenye ncha kali ungemponyoka kila mtu.

Umeshonwa kwa vipande vinne vya ngozi ya ng'ombe. Hushonwa ukiwa ndani nje, kisha hugeuzwa, kibofu cha mpira huingizwa kupitia uwazi ulioachwa kwenye mshono mmoja, na uwazi huo hufungwa kwa kamba. Sheria za mchezo zinautaka uwe na mzingo wa milimita 720 hadi 730 kwa urefu, na milimita 545 hadi 555 kwa upana. Mchukue fundi mwenye utepe wa kupimia akupimie kabla hujalipa, hasa ukinunua mpira uliokwisha kutumika, kwa maana ngozi iliyochoka huvutika na haina kurudi. Mpira uliozidi milimita 560 katikati umeshanenepa. Utadunda kama wa soka, na ngumi haitapata tena mahali pake pa kugonga.

Mishono minne ndiyo inayovipa vidole mwongozo. Mchezaji aliye chini ya rundo la watu hana nafasi ya kutazama mpira umelalaje; vidole vikigusa mshono, mkono unajua ncha iko wapi. Kwenye mipira ya plastiki mshono ni mchoro tu uliobonyezwa kwenye ganda, na kwenye unyevu kidogo mkono haupati kitu cha kushika. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya ngozi na plastiki, kubwa kuliko umbali wa teke.

Mpira mpya unateleza

Wengi wakiufungua mara ya kwanza huvunjika moyo. Ngozi mpya ina gamba laini la kiwandani, ni ngumu, na inateleza viganjani. Hiyo si kasoro. Inahitaji kulegezwa, na njia ya kufanya hivyo ni ya polepole: pasi za ngumi za karibu, kisha mateke ya mita 15 hadi 20 kwenye nyasi kavu, kwa vipindi vitatu au vinne vya mazoezi kabla ya kuutumia kwenye mechi. Usiupige ukutani wala usiudundishe kwenye lami. Lami hula gamba la ngozi kwenye ncha zote mbili, na ngozi ikishabaki tupu hunyonya maji kila inapokutana nayo. Usiuloweke eti ulainike. Uzi wa mshono huvimba, kisha ukikauka hulegea.

Upepo: hapa ndipo makosa mengi

Kiwango cha sheria ni kPa 62 hadi 76, yaani takriban psi 9 hadi 11 (vyote viwili ni vipimo vya shinikizo la hewa). Mtu akibonyeza kwa dole gumba na kusema "umejaa" anabahatisha tu. Nunua pampu yenye geji. Ni ya bei ndogo ukilinganisha na mpira wenyewe.

Lowanisha sindano kabla ya kuiingiza, kwa glaiserini au hata mate. Sindano kavu huchana mdomo wa vali, na vali iliyochanika huvuja taratibu kiasi kwamba utalaumu kibofu bila hatia. Ingiza wima, bila kuitikisa kando. Jaza hadi kPa 68 au 70, chomoa kwa haraka, kisha subiri dakika chache upime tena, kwa kuwa kila upimaji huiba hewa kidogo.

Joto nalo lina neno. Majira ya baridi ya jimbo la Victoria ndiyo majira ya mchezo huu, na mpira hujazwa ndani ya chumba chenye joto kisha hupelekwa nje. Uliojazwa kPa 66 kwenye nyuzi 25 utasoma takriban kPa 60 baada ya kukaa kwenye nyuzi 15, na hapo tayari uko chini ya sheria bila hata tone la hewa kuvuja. Ama ujaze nje, ama uongeze kPa 5 au 6 ukiwa ndani.

Ukizidisha, mpira unakuwa kama jiwe: unagonga kifua cha mdakaji na kuruka mbele kabla vidole havijafumba, na mishono ya nchani inavutika. Ukipunguza, teke linakufa na mpira ukidunda hauinuki kufikia mikono. Kwa mchezaji wa kati, yule anayefanya kazi kama ya Selwood, afadhali kPa 64 kuliko 75. Wapigaji wa magoli wataomba ujazwe zaidi. Wakubaliane kabla ya mazoezi, siyo katikati.

Mkononi

Okota ukiwa umeelekeza ubavu mmoja mbele, si kichwa. Magoti yakunjwe, viganja vitazame mpira unakotoka, vidole vidogo viguse nyasi. Mpira huu hauviringiki kwa njia iliyonyooka, hivyo mikono miwili hutangulia na mwili husimama nyuma yake kama ukuta. Ukiupata, uvute tumboni kabla ya hatua ya kwanza.

Pasi ya ngumi: mpira ukae kwenye kiganja cha mkono usio na nguvu, ukiwa umelala kwa urefu kuelekea unakopeleka. Ngumi ifumbwe na dole gumba likae nje, kamwe lisiwe ndani ya vidole, la sivyo litavunjika. Gonga ncha ya nyuma, chini kidogo ya katikati, ili mpira uzunguke kinyumenyume na kumfikia mwenzako ukiwa mtulivu. Mkono uliobeba usisogee mbele na mpira. Mwamuzi ataona umerusha, na kurusha ni kosa. Sherrin hujibu vizuri sana hapa kwa sababu ncha yake butu inaipa ngumi eneo la kutosha. Mpira ulioisha umbo hupinda angani hata ukigongwa sawasawa.

Selwood alijulikana pia kwa kuwasababishia wapinzani adhabu nyingi kwa kumkaba juu ya mabega. Ufundi wenyewe ni huu: anapata mpira akiwa chini, mkabaji analeta mkono, yeye anakunja magoti kidogo na kuinua mkono wake, na mkono wa mkabaji unateleza hadi shingoni. Mguso wa juu ya bega ni adhabu. Katikati ya msimu wa 2022, wake wa mwisho, AFL iliwaelekeza waamuzi wasitoe adhabu pale mwenye mpira anapojisababishia mguso huo kwa kuinama au kuinua bega. Wapo waliotaka kuipunguzia heshima kazi yake yote kwa jambo hilo, na hawamtendei haki. Hakuna anayekabwa shingoni bila kwanza kuwa na mpira mkononi. Yeye aliuwahi kabla ya wengine, msimu baada ya msimu, mara nyingi kichwa kikiwa kimefungwa bandeji yenye damu.

Mguuni

Shika pande zote mbili, vidole vimetandazwa kando ya mishono, kamba zikitazama mbele mbali nawe ili mguu ukutane na upande laini. Mpira uwe juu ya paja la mguu unaopiga, ncha ya juu imeegemea kidogo kwako. Mkono wa upande wa mguu huo ndio unaoushusha. Mwingine unaachia mapema. Udondoke, usitupwe. Kutana nao karibu na ardhi kwa mfupa mgumu wa juu ya mguu, vidole vikiwa vimenyooshwa na kifundo kimekazwa. Ukitoka vizuri unazunguka kinyumenyume ncha kwa ncha, na mwenzako anaudaka kwa urahisi. Mpira uliosafiri mita 15 au zaidi na kudakwa bila kuguswa humpa mdakaji haki ya kusimama na kupiga bila kuzuiwa, kwa hiyo utulivu wake angani una thamani kuliko urefu.

Teke la topido, lile linalozungusha mpira kwa ubavu, huenda mbali zaidi, ila kosa dogo la kuushusha hulipeleka pembeni kabisa. Kardinia Park, nyumbani kwa Geelong, ina urefu wa takriban mita 170 na upana wa 115 tu, finyu kuliko MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne. Kwenye uwanja wa namna hiyo teke linalopotoka kidogo limeshatoka nje, na timu inayoucheza mara nyingi kila msimu hujifunza kuheshimu teke fupi lililonyooka.

Mvua

Hapa ngozi inadai subira. Ikilowa huongezeka uzito, huteleza na teke hupungua. Fainali ya 2007, Selwood akiwa na miaka 19, Geelong iliifunga Port Adelaide 163 kwa 44, na tofauti ya pointi 119 ni kubwa kuliko zote katika historia ya fainali kuu. Miaka miwili baadaye, kwenye baridi na manyunyu ya MCG, Geelong hiyohiyo iliishinda St Kilda 80 kwa 68. Wapinzani walikuwa tofauti, ndiyo, lakini alama kushuka namna hiyo siku ya mvua ni jambo linalotarajiwa. Siku hizo mchezo hurudi chini, kwa waokotaji.

Kwenye unyevu, punguza pasi za ngumi za zaidi ya mita tano, daka kifuani badala ya kwa vidole, na usijaribu kudundisha. Gusa nyasi kwa mpira huku umeushika. Weka taulo mbili kando ya uwanja, moja ya kufutia mpira na nyingine ya mikono, zisichanganywe.

Baada ya mechi futa matope kwa kitambaa chenye maji kidogo, bila sabuni ya kufulia. Punguza upepo kidogo, kisha uuache ukauke kivulini kwenye hewa ya kawaida, ukiugeuza mara kwa mara. Hita, jua kali na buti ya gari ndivyo vinavyoua mipira mingi kuliko mechi. Ngozi iliyokaushwa kwa haraka hupasuka kando ya mshono. Ikikauka kabisa, paka mafuta ya ngozi kiasi cha ncha ya kidole kwa kipande kimoja, na usiyaruhusu yaingie kwenye uzi. Kuzidisha mafuta hulainisha ngozi mpaka mpira unenepe.

Rangi

Mwekundu ni wa mchana, wa njano ni wa usiku chini ya taa. Fainali kuu kwa desturi ni ya mchana na mpira mwekundu, ila ile ya 2020 ilipohamishiwa uwanja wa Gabba, Brisbane, ilichezwa usiku kwa mpira wa njano, na Geelong ya Selwood ikafungwa na Richmond 81 kwa 50. Ngozi, saizi na mshono ni vilevile. Mnunuzi wa mpira mmoja tu anayefanya mazoezi jioni achukue wa njano.

Vinavyoharibika

Kamba hutangulia. Ikilegea, kibofu huchungulia na kusuguana na ukingo wa ngozi hadi kitoboke. Kagua kila wiki. Kamba mpya hufungwa kwa dakika kumi, kuanzia katikati kwenda pande zote mbili, na mpira ukiwa na upepo kidogo tu. Ukifunga ukiwa umejaa, fundo halikazi.

Mshono wa nchani hufuata. Uzi ukikatika mahali pamoja, acha kuutumia siku hiyohiyo na umpelekee fundi viatu mwenye uzi uliopakwa nta. Ukiendelea, utafunguka sentimita kadhaa na ngozi itachanika kwenye matundu, na hapo hakuna dawa.

Kibofu hubadilishwa kupitia uwazi wa kamba. Kabla hujaamua kuwa kimetoboka, tia tone la maji ya sabuni kwenye vali uone kama povu linatoka.

Nani asiununue

Saizi 5 si ya kila mtu. Ligi ya wanawake, AFLW, hutumia saizi 4, na ndiyo inayowafaa pia vijana ambao vidole vyao havijafika mshono hadi mshono. Watoto wadogo waanze na saizi 1 au 2, tena ya plastiki laini, kwani mtoto aliyepigwa kifuani na ngozi ngumu ataogopa kudaka na hofu hiyo hukaa. Kwa mazoezi ya timu nzima, mipira ya ngozi ya daraja la chini inatosha, na KB mbili au tatu zihifadhiwe kwa mechi. Burley, wenye jina kubwa Australia Magharibi, ni mpira mzuri wa kufikiria ikiwa ligi yako inautumia. Siyo busara kufanya mazoezi na chapa moja na kucheza na nyingine, maana hata tofauti ndogo ya unene wa ncha huvuruga ngumi.

Kuna pia Sherrin zinazouzwa zikiwa na saini za wachezaji, na baada ya Septemba 2022 za Selwood zilitafutwa sana. Sababu inaeleweka. Alikuwa amepewa unahodha mwaka 2012, Cameron Ling alipostaafu na kombe la 2011, na kwa miaka kumi aliiongoza timu iliyokaribia mara kwa mara bila kufika. Ubingwa wa 2007, 2009 na 2011 aliupata chini ya manahodha wengine. Wa 2022, Sydney ikifungwa 133 kwa 52, ndio pekee aliounyanyua mwenyewe. Siku hiyo aliingia uwanjani akiwa amembeba Levi, mtoto mgonjwa wa mwenzake wa zamani Gary Ablett. Robo ya mwisho alifunga goli na timu nzima ikamkimbilia. Na siku chache baadaye akastaafu, akiwa na mechi 40 za hatua ya mtoano, nyingi kuliko mchezaji yeyote kabla yake.

Mpira wa saini ni wa kabatini. Usiupige hata mara moja, kwani wino hukaa juu ya gamba la ngozi na teke moja hulikwangua. Uhifadhi ukiwa na takriban nusu ya upepo wa kawaida ili mishono isivutike kwa miaka, mbali na dirisha, na usiupake mafuta upande wa saini. Kabla ya kulipa, omba cheti chenye namba inayolingana na kibandiko kilicho kwenye mpira wenyewe, na angalia kama ni KB wa ngozi. Baadhi ya saini huwa juu ya mipira ya plastiki. Muuzaji akikataa kukutumia picha ya kibandiko na upande wa kamba, tafuta mwingine.